Kuta Tatu za Marehemu

Kila kitu kiliharibika Jumatano ile mvua zilipoanza, asubuhi, pale Bwana Kota alipokuja kumfukuza Fundi Viatu kwenye nyumba, akaingia sebuleni, akaziona kuta, akazipenda.

Angemfukuza tu, ingekuwa nafuu. Kufukuzwa ni jambo linaloeleweka. Kota zile ni za wafanyakazi wa hospitali, na mfanyakazi alikuwa mkewe, dobi wa wodi zote, mwanamke aliyefua mashuka ya wagonjwa tangu binti yao hajaota meno. Fundi mwenyewe hospitali haimjui. Yeye anakaa nje ya geti na sindano yake na gundi yake, anashona viatu vya wanaoingia na wanaotoka. Dobi akifa, kota inarudi ofisini. Hakuna aliyemdanganya juu ya hilo. Alikwisha kufunga vyombo kwenye mafurushi mawili, akayaegemeza mlangoni, akawa anangoja neno tu.

Bwana Kota ndiye aliyeshika funguo za nyumba zote za pale. Mabomba yakipasuka aambiwe yeye, paa likivuja aambiwe yeye. Kuambiwa aliambiwa sana. Fundi alimjua zaidi kwa viatu kuliko kwa sura, maana kisigino chake cha kushoto kililika upande, na kila mara kilipolika alikileta kushonwa, akakichukua na kusema, "Ahsante mzee wangu," na hiyo ahsante ndiyo ilikuwa malipo.

Sasa alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, anageuka taratibu kama mtu anayepimiwa suti.

"Hii rangi nani kakupakia?"

"Mke wangu."

"Marehemu?"

"Ninaye mwingine?"

Bwana Kota hakusikia, au alisikia akameza. Akasogea, akapitisha kiganja ukutani. Rangi ilikuwa kijivu, lakini si kijivu cha saruji. Ndani yake mlikuwa na bluu iliyojificha, iliyofifia, ambayo asubuhi ilijitokeza kidogo na mchana ikarudi ilikotoka. Chumba kile kidogo, chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, kilionekana kama kina nafasi ya kuvuta pumzi. Mtu akiingia alishusha sauti bila kuambiwa.

"Kota zote hizi zimechakaa," Bwana Kota alisema, kama vile zilichakaa zenyewe kwa utovu wa adabu. "Lakini hapa... hapa pamekaa kikwetu. Mzee, hebu tua hayo mafurushi kwanza. Tuongee kiutu uzima."

*

Marehemu hakuwa amejifunza kupaka rangi popote. Alichoka tu. Bomba lililopita ndani ya ukuta wa nyuma lilipasuka, maji yakawa yanatembea ndani ya plasta usiku na mchana, ukungu mweusi ukapanda kutoka sakafuni mpaka usawa wa kifua. Akaenda ofisini. Akaambiwa fundi bomba yuko likizo. Akaenda tena. Akaambiwa fundi bomba amestaafu. Alipoenda mara nyingine akaambiwa fedha za ukarabati zimekuja, awe na subira. Kweli zilikuja. Watu waliliona gari jipya la ofisi.

Mchana alivuta mvuke wa madishi ya dobi, usiku akavuta unyevu wa ukutani. Kifua kikaanza kumbana. Daktari wa pale pale hospitalini akamwambia akae mahali pakavu. Mama wa watu alicheka njia nzima kurudi nyumbani.

"Pakavu!" alimwambia mumewe. "Nimwambie nini yule kijana? Kwamba mwajiri wake na mwajiri wangu ni mmoja?"

Ndipo akanunua rangi nyeupe ya maji, ile rahisi, akaanza kuikoroga mwenyewe kwenye beseni. Akaitia bluu ya kufulia, ile anayoitia mashuka. Akaona inapiga kelele. Akasaga mkaa, akauchekecha kwa kitambaa, akautia kidogo kidogo. Kila akichanganya alipiga mstari mmoja nyuma ya mlango wa sebule, akauacha ukauke, akautazama asubuhi, akautazama jioni. Mistari ikapangana pale kutoka bluu ya kelele ya juu mpaka kijivu cha huzuni cha chini.

"Si upake tu," Fundi alimwambia. "Ukuta ni ukuta."

"Rangi mbichi ni kama mchumba," alijibu. "Ukimwamini kabla hajakauka, umekwisha. Mimi nilikuamini ukiwa mbichi, ona sasa."

Alichokuwa anakitafuta mkewe, Fundi alikuja kukijua baadaye. Ilikuwa rangi ya sare yake ya kazini, ile bluu iliyofuliwa mpaka ikachoka ikawa laini. Alipoipata, mstari wa pili kutoka chini, alibandika kidole gumba hapo hapo rangi ikiwa mbichi, kama mtu anayeweka sahihi.

Alipaka kuta tatu. Ule wa nne, wa bomba, aliusugua ukungu ukatoka, kesho yake ukarudi. Akausogezea kabati. "Huu," alisema, "tunawaachia wenyewe. Siku wakikaza bomba lao nitaupaka." Hawakukaza. Na yeye hakungoja.

*

Mambo ya kiutu uzima yalikuwa haya. Fedha za ukarabati zilitolewa na wageni, na wageni sasa wanataka kuja kuona zilikokwenda. Mgeni mkubwa ni mama mmoja mtu mzima, hana mchezo, anataka kuingia ndani ya nyumba, si kutazama kwa nje. Ofisi ilikuwa inahangaika ipate nyumba moja ya kumwonyesha.

"Na nyumba imejileta," alisema Bwana Kota. Alikaa bila kukaribishwa, kwenye kiti alichokuwa akikalia marehemu. "Mzee wangu, wewe utakuwa nyumba ya mfano. Mgeni akiingia, akiuliza kazi hii nani kaifanya, unasema ofisi. Basi. Neno moja."

"Ofisi."

"Umeona? Hata halikukwami kooni. Na mimi ninaandikisha kota hii kwa jina la binti yako. Nafasi ya dobi iko wazi, si hajaajiriwa mtu. Anaingia kazini, anabaki na nyumba, unabaki na mjukuu wako, tumemaliza."

Binti alikuwa mlangoni mwa jikoni, mtoto begani. Alirudi kwao baada ya ndoa kumshinda, na akarudi na mtoto mwenye kifua kama cha bibi yake. Alimtazama baba yake tu, na yale macho Fundi aliyahisi shingoni bila kugeuka.

"Na ule?" Bwana Kota alinyosha kidole kwenye kabati. "Nyuma ya kabati kuna nini?"

"Kuna bomba lenu," alisema Fundi.

Kabati likasogezwa. Harufu ikatoka. Bwana Kota akaweka leso puani, akautazama ule weusi kama mtu aliyeonyeshwa kidonda cha mtu asiyemhusu.

"Nitaleta wapaka rangi," alisema. "Rangi hii hii. Kitakuwa chumba kimoja safi."

"Na bomba?"

"Mzee, mgeni anakuja Jumatatu. Bomba ni jambo la mchakato."

*

"Sema, baba," binti alimwambia jioni ile, akimwosha mtoto kwenye beseni, lile lile la kukorogea rangi. Lilibaki na mviringo wa kijivu usiotoka. "Neno moja tu."

"Unalijua neno lenyewe?"

"Nalijua."

"Mama yako alikwenda pale mlangoni kwao mpaka mlinzi akamjua kwa kikohozi. Leo niseme wao ndio walipaka?"

"Baba, mama hayupo. Huyu yupo." Akamnyanyua mtoto majini, anateleza, anacheka. "Twende wapi na huyu? Niambie pahali. Nitabeba mafurushi mwenyewe."

Fundi hakuwa na pahali. Alikuwa na boksi la sindano na kigoda nje ya geti. Akachukua kanga kavu, akampokea mjukuu, akaanza kumfuta masikio.

"Nitasema," alisema.

"Niangalie ukisema."

"Nimesema nitasema, mwanangu. Unataka niape kwa soli?"

Habari zilikwisha kuenea, kwa sababu jirani yao wa ukuta mmoja aliitwa Redio, na hakuitwa hivyo kwa kuonewa. Alikuwa mhudumu mkongwe wa wodi, shoga mkubwa wa marehemu. Aliingia bila hodi, akasimama mbele ya kuta tatu, akatikisa kichwa.

"Shemeji, nasikia umepata umaarufu. Nyumba ya mfano! Mfano wa nini lakini?"

"Kaa chini, dada."

"Nikae, nisije nikachafua ukuta wa ofisi." Akakaa. "Mimi choo changu hakina mlango, naimba nikiwa ndani ili watu wajue nimo. Mwambie huyo mgeni wako aje na kwangu, nimwimbie."

Walicheka wote, hata binti. Kisha Redio akapangusa macho kwa ncha ya kanga.

"Nilimshikia kigoda akipaka pale juu," alisema. "Nikamwambia, shoga, pumzika, unakohoa mpaka brashi inaruka. Akaniambia nikipumzika wataingia watu waniambie nyumba yangu chafu. Haya. Wameingia, wamesema nzuri. Sijui kipi kibaya zaidi."

"Wewe ungefanyaje?" Fundi aliuliza.

"Mimi? Mimi ningesema ofisi, halafu ningekwenda kutapika." Akainuka. "Msinisikilize. Mimi sina mjukuu mwenye kifua."

*

Wapaka rangi walikuja Jumapili, wawili, jua likiwa limeshashuka. Walikuja na ndoo ya dukani, yenye rangi iliyochanganywa na mashine, na rola yenye mpini mrefu. Bwana Kota alisimama mlangoni anawaharakisha, kwa kuwa alikuwa na shughuli ya kifamilia. Hawakuufuta unyevu kwa sababu haufutiki. Waliusugua ukungu kwa msasa, wakaviringisha rola juu ya ubichi.

Taa ilikuwa moja, ya njano. Rangi mpya ilipokaa ukutani, ikiwa mbichi, ililingana na zile kuta tatu utadhani zimezaliwa siku moja.

"Umeona?" Bwana Kota alimpiga Fundi begani. "Mashine haikosei."

Fundi aliutazama ukuta. Alijua, kwa kuwa aliishi na mwanamke aliyekuwa akipiga mstari na kuuachia mpaka kesho. Rangi mbichi haisemi kweli. Angeweza kusema pale pale: jamani, ngojeni ikauke. Hakusema. Si kwamba alipanga lolote. Hakuulizwa, naye alikuwa amezoea kutokuulizwa, na mazoea nayo yana uzito wake.

"Na huu mlango, mzee?" mpaka rangi mmoja aliuliza, rola mkononi. Mlango wa sebule ulikuwa wazi, umelala ukutani, upande wake wa ndani haukuonekana. "Tuupige koti moja la rangi?"

"Mlango uko sawa," alisema Fundi, na akasogeza kigoda chake, akakaa mbele yake.

Binti alimtazama. Fundi akainama, akaanza kufunga kamba za kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Bwana Kota alipotoka alimwachia shati jipya, bado limo kwenye mfuko wake. "Uvae hili kesho. Si unajua, picha." Shati lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, na shingo yake ilimtosha mtu wa shingo mbili.

*

Asubuhi ukuta wa nne ulikuwa umekauka pale ulipoweza kukauka. Juu ulikuwa bluu. Bluu kweli, bluu ya kelele, ile ambayo marehemu alianza nayo akaikataa. Chini, usawa wa kifua, haukuwa umekauka kabisa. Rangi ilikuwa imevimba vijipu vidogo vidogo, na katika kimoja tone la maji lilikuwa linajikusanya. Kuta tatu zikautazama kimya, kijivu chao kimetulia kama watu waliokaa msibani wakaingiliwa na mlevi.

"Tuweke kabati," alisema binti haraka. "Baba, shika huku."

Wakalisukuma kabati. Bwana Kota akafika mbio, kisigino kinalalia upande, akaliona kabati, akaona bluu inayochungulia juu na pembeni yake, akafuta jasho.

"Sawa, sawa. Kabati sawa. Mtoto yuko wapi? Mtoto awe mikononi, mtoto anapendeza. Asikohoe lakini." Akamgeukia Fundi, akamrekebisha shingo ya shati kama anamvisha mwanafunzi. "Neno moja, mzee."

"Nalijua."

"Litamke."

"Ofisi."

"Kwa furaha kidogo."

"Bwana mkubwa," alisema Fundi, "furaha hukuiweka kwenye mapatano."

Magari yakasimama nje. Watu wengi waliingia kuliko chumba kilivyoweza kubeba: wakubwa wa hospitali, mpiga picha, watu wa kushika mikoba ya watu wengine. Redio naye alijipenyeza, akasimama dirishani kwa nje, kidevu juu ya nondo. Mgeni aliingia katikati yao. Alikuwa mama aliyepita makamo, miwani kwenye kamba, viatu vya ngozi bapa vilivyokwisha kubadilishwa soli. Hilo Fundi aliliona kabla ya yote. Mtu anayebadilisha soli si mtu wa kutupa vitu.

"Karibu, mheshimiwa," alisema Bwana Kota. "Hii ni moja ya nyumba tulizokarabati. Kama unavyoona, tumezingatia utulivu wa rangi."

Mgeni aligeuka taratibu. Akashusha sauti, kama wote. "Nzuri sana," alisema. "Inapumzisha." Akaweka kiganja ukutani, pale pale Bwana Kota alipoweka chake, lakini yeye hakukipitisha, alikiacha. "Nyumba zote ni rangi hii?"

"Tunaendelea, tunaendelea. Ni mchakato."

Mtoto akakohoa. Binti akambana kifuani, akampigapiga mgongo. Kikohozi hakikujali, kikatoka kirefu, kikavu, kikamzidi umri. Mgeni alimtazama mtoto, kisha akatazama kule mtoto alikogeuzwa, kwenye kabati, na juu ya kabati, na mchirizi mwembamba uliokuwa umeanza kutoka chini ya kabati kuja sakafuni, maji yenye bluu ndani yake.

"Pale pamekuwaje?" aliuliza.

"Pale ni... pale bado pabichi kidogo, mheshimiwa. Tusogee nje tupate picha, humu watu wamejaa mno."

Watu wakaanza kurudi nyuma wote kwa pamoja, wakabanana mlangoni. Mpiga picha alihitaji nafasi. Akaushika mlango, akausukuma kuufunga nusu ili apate pembe.

Mistari ikatokea. Juu bluu ya kelele, ile ile inayochungulia juu ya kabati. Chini yake bluu iliyopoa kidogo, kisha iliyopoa zaidi, mstari juu ya mstari, hakuna uliolingana na wa jirani yake, mpaka ule wa pili kutoka chini, uliokuwa kuta tatu zenyewe. Na katika huo, kidole gumba, kidogo, cha mwanamke, mistari yake yote inaonekana.

Mgeni alivaa miwani. Akainama. Alitazama kidole kile kwa muda, akatazama kuta tatu, akatazama kabati. Kisha akamtazama Bwana Kota, ambaye alikuwa anatabasamu kwa meno ya juu na ya chini.

"Hii ni kazi ya nani?"

"Ya ofisi, mheshimiwa. Hayo ni majaribio ya wataalamu wetu, kabla ya..."

"Samahani. Nimemuuliza mwenye nyumba."

Fundi hakutambua kwamba anasemwa yeye. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Akageuka kumtafuta huyo mwenye nyumba nyuma yake, akakutana na macho ya binti yake. Yalikuwa yamejaa, lakini hayakumwambia aseme wala asiseme. Yalikuwa yanaangalia mlango, kile kidole. Mtoto alikuwa amekinyoshea mkono, anataka kukishika. Kule dirishani Redio alikuwa amefumba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Neno lilikuwa tayari. Alilifanyia mazoezi asubuhi akinyoa, likatoka bila kukwama. Sasa alilitafuta mdomoni akalikuta limekaa pale, dogo, kavu, kama msumari ambao fundi viatu huubana kwa midomo akiwa anangoja mahali pa kuupigilia. Shingo ya shati la watu ilimpwaya. Maji ya bluu yalikuwa yamefika kwenye kiatu cha Bwana Kota, upande wa kisigino kilicholika, na Bwana Kota hakuwa amejua bado.

Mgeni akavua miwani, akamsogelea, akauliza tena, polepole, kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Baba, nani alipaka nyumba hii?"